Hongo, Posho na Mnyapara

Katika kipindi cha kwanza cha mwaka wa kwanza, mhadhiri aliandika ubaoni tarakimu nne: 1887. Huo, alisema, ndio mwaka fani yetu ilipozaliwa. Woodrow Wilson, wakati huo akiwa mwalimu wa chuo tu na si rais wa Marekani, alichapisha makala akidai kwamba uendeshaji wa serikali ni elimu inayojitegemea, inayoweza kusomwa na kufundishwa kando na siasa. Sisi tulioandikishwa kusomea sera na utawala wa umma tuliinama tukaandika. Mimi niliandika 1887, kisha pembezoni mwa daftari nikaongeza jina moja kwa penseli: Isike.

Jina hilo sikulitoa kitabuni. Nimekulia Cheyo, kata ya mjini katika Manispaa ya Tabora, na huku kwetu Isike, Mirambo na Fundikira ni majina unayoyasikia kabla hujajua kusoma. Mwaka 1887 Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe, na njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katika nchi yake. Alikuwa na wazee wa shauri, alikuwa na ushuru, askari, ghala la baruti, na mgogoro usiokwisha na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Alikuwa anaendesha serikali. Nilijiuliza, bila kunyoosha mkono, kwa nini fani ianzie kwa aliyeandika makala na si kwa waliokuwa kazini.

Nimeshamaliza shahada hiyo. Miaka mitatu ya Wilson, Weber, Taylor na Fayol, na mitihani ya kutaja sifa sita za urasimu. Sijutii. Weber hasa ni mwandishi wa kusomwa na yeyote aliyewahi kusimama foleni dirishani. Lakini kilichonishika zaidi ni kitu ambacho hakikuwa kwenye mtaala wowote, nacho ni maneno. Ukikaa ofisi ya serikali Tanzania wiki moja tu utasikia kiongozi, posho, hongo, Ikulu, na kwa mzaha, mnyapara. Yote matano yamepitia kwenye njia ya misafara au kandokando yake, na kila moja lilipopita lilibadilika maana kidogo. Historia ya utawala wetu ningeweza kuisimulia kwa kufuata mabadiliko hayo.

Nianze na hongo, kwa sababu ndilo linalouma.

Leo hongo ni kosa. Ipo sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, ipo TAKUKURU, yapo mabango. Lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukitoka pwani na kuingia Ugogo, ambako maji ni machache na kila kisima kina mwenyewe, ulisimama. Wajumbe wakaenda kwa mtemi. Majadiliano yalianza: doti ngapi za merikani, doti ngapi za kaniki, shanga za rangi gani, nyaya kiasi gani. Merikani, kwa njia, ni kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na jina limebaki pale pale lilipotoka. Majadiliano yangeweza kula siku kadhaa. Wasafiri wa Kizungu, Richard Burton aliyefika hapa Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 pamoja na Speke, na Stanley aliyekuja 1871, waliilaani hongo kurasa kwa kurasa. Kwao ilikuwa unyang'anyi. Nimesoma malalamiko yao nikacheka kidogo, maana watu hao hao wakivuka mipaka ya Ulaya walilipa ushuru wa forodha na kuuita ustaarabu.

Tofauti ya hongo ile na hii si kiasi. Hongo ile ilidaiwa mchana, mbele ya watu, kwa jina la mtemi, na aliyeilipa alitarajia maji na njia salama. Msafara wa nyuma yako ungeweza kuuliza ulilipa nini, ukaambiwa. Sitaki kuipamba. Palikuwa na watemi walioikamua misafara hadi ikakauka, na tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa shingo, ambao hawakuwa na la kujadiliana na mtu. Vita vilizuka kwa sababu ya hongo pia. Mwaka 1871 Mirambo aliudai msafara wa Waarabu uliokuwa unakwenda Ujiji vitambaa, bunduki na baruti, akalipwa, kisha akaurudisha ulikotoka. Vita vilivyofuata kati yake na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia, na Stanley mwenyewe akaingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa vibaya. Kwa hiyo hongo haikuwa jambo takatifu. Ila ilikuwa jambo la hadhara. Neno lilipohamia chini ya meza, lilikuwa limeacha uhadhara wake njiani.

Posho imesafiri vizuri zaidi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku, kutoka hapa hadi pwani na kurudi. Wengi walibeba pembe za ndovu, au mtumba, yaani furushi refu la vitambaa, ambalo mjukuu wake sasa ameanikwa kila soko la Tanzania. Ujira wake ulipatanwa mwanzoni mwa safari, lakini tumbo halingoji mwisho wa safari, kwa hiyo kila siku alistahili posho, chakula cha njiani: kibaba cha nafaka, au kipande cha kitambaa cha kubadilishia chakula vijijini. Mwenye msafara akipunja posho, mizigo iliwekwa chini. Waandishi wa safari wamejaza vitabu na migomo hiyo, wakiiita uvivu na ukorofi. Mimi nilisoma kwenye kozi ya rasilimali watu kwamba majadiliano ya pamoja ya wafanyakazi ni zao la viwanda vya Uingereza. Sawa, lakini wapagazi wa Unyamwezi walikuwa wakiweka mizigo chini kwa pamoja kwenye njia hii kabla nchi haijaona kiwanda hata kimoja.

Posho ya leo haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kitanzania. Semina ina posho, kikao kina posho, safari ina posho. Mwaka 2011 posho za vikao vya wabunge zilizua mjadala mkali bungeni na magazetini, baadhi ya wabunge wa upinzani wakitaka zifutwe kwa hoja kwamba kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe wanayolipwa mshahara. Hoja hiyo ingemwingia mpagazi mara moja. Posho yake ilikuwa ya kumfikisha na mzigo.

Sasa mnyapara. Katika himaya za Kinyamwezi wanyampara walikuwa wazee, washauri wa mtemi, watu waliosikiliza mashauri na kumwambia mtawala asichotaka kusikia. Msafarani neno lilikwenda kwa wakuu wa vikundi vya wapagazi: mtu mzima aliyewajua watu wake kwa majina, aliyegawa posho na kusema kwa niaba yao. Mbele kabisa alitembea kirangozi, mwenye bendera na mapambo yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Huyo kirangozi ndiye ndugu wa kiongozi tunayemjua sisi. Halafu njia ikafa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya makumi ya maelfu ya wapagazi ikaisha. Wanyamwezi wakaenda mashamba ya mkonge, wakawa manamba, watu wa kuitwa kwa namba. Mnyampara akaenda nao, ila kule hakuwa tena mzee wa kikundi. Alikuwa msimamizi wa tajiri, anayehesabu kazi na kukemea. Akapoteza herufi moja kinywani mwa watu, akawa mnyapara. Baadaye akaingia gerezani, mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake.

Mzee wa shauri, mkuu wa wapagazi, msimamizi wa mkonge, kiranja wa gereza. Sijasoma kitabu cha utawala kinachoeleza ukoloni kwa ufupi kuliko neno hilo moja.

Babu yangu, aliyekuwa fundi wa reli, aliniuliza likizo ya kwanza ninasomea nini. Nikamwambia, shikamoo zikiisha, nasomea utawala wa umma. Akatafuna kimya. "Utamtawala nani, mjukuu wangu?" Nikaanza kueleza kwamba siyo kutawala hasa, ni kuhudumia, ni kupanga sera, kusimamia rasilimali. "Basi mngeita hivyo," akasema, akaomba chumvi.

Alikuwa na haki. Kiswahili kina maneno mawili, utawala na utumishi, na serikali inayatumia yote mawili kwa watu wale wale. Ukiwa kwenye ajira wewe ni mtumishi wa umma. Ukiwa chuoni unasomea kuutawala huo umma. Na juu kabisa pana Ikulu, neno lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, makazi ya mtemi. Stanley aliuandika mji mkuu wa Unyanyembe kama Kwikuru, na asiyejua anadhani ni jina la kijiji. Tulipopata uhuru tukayaita makazi ya rais kwa jina la makazi ya mtemi, kisha mara baada ya hapo, mwaka 1963, tukafuta kwa sheria utawala wa machifu.

Hapo katikati kuna Wajerumani, ambao nitawapita haraka kwa sababu walipita kwa mabavu. Bendera yao ilipandishwa Tabora mwaka 1890. Isike aliwapinga, na Januari 1893 ngome yake ilipozidiwa alilipua ghala la baruti akiwa ndani. Walileta maakida, kodi ya nyumba, na jambo moja lililodumu kuliko boma lao: waliendesha ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likautwaa mji, na baada ya vita nchi ikawa mikononi mwa Waingereza.

Waingereza ndio waliokuwa na nadharia. Gavana Donald Cameron alifika 1925, na mwaka uliofuata ikapita sheria ya mamlaka za wenyeji. Utawala usio wa moja kwa moja ulitaka machifu, na machifu walitaka kusomeshwa, kwa hiyo shule ya serikali ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920, ilikusudiwa kwanza watoto wa watawala wa jadi. Tunaiita Tabora Boys. Watu huiita chemchemi ya viongozi, nami sibishi, lakini ukiitazama kwa jicho la fani yangu unaona kitu kingine: ndiyo shule yetu ya kwanza ya utawala katika bara la nchi hii. Ilifundisha wavulana namna ya kuamrisha na kuamrishwa ndani ya mfumo wa mtu mwingine.

Pembezoni mwa daftari langu 1937 nayo ipo. Mwaka huo, New York, Luther Gulick alitoa orodha yake mashuhuri ya kazi saba za mtendaji: kupanga, kuunda, kuajiri, kuelekeza, kuratibu, kutoa taarifa, kuandaa bajeti. Mwaka huo huo mtoto wa mtemi Burito wa Uzanaki, Julius Nyerere, alianza masomo Tabora. Orodha ya Gulick niliikariri mpaka leo naweza kuitaja usingizini. Shule haikuweza kufundisha kazi ya nane, ambayo ni kuamua kwa niaba ya nani. Nyerere na wenzake walikuja kuitafuta wenyewe.

Na hapa ndipo ninapogombana na Wilson. Alitaka utawala ukae kando na siasa. Huko kwake labda iliwezekana kulitamka. Kwetu siasa zenyewe zimezaliwa na makarani. Mwaka 1922, ule ule ambao kitabu kikubwa cha Weber kilikamilika kuchapishwa baada ya kifo chake, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha Tanga chama cha Waafrika waliokuwa katika utumishi wa serikali. Walitaka mambo ya kawaida ya watumishi: heshima, mahali pa kusomea magazeti, timu ya mpira, mazungumzo kuhusu mishahara. Mwaka 1929 ikaja African Association, ambayo nayo ilijaa watumishi na walimu, na kutoka humo, mwaka 1954, TANU. Serikali ya kikoloni ililiona hilo waziwazi: mwaka 1953 iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama hicho. Kwa hiyo kanuni ya mtumishi asiyefungamana na siasa, tuliyoifundishwa kama hekima ya kitaalamu, ilianza kutumika hapa kama waraka wa kuwanyamazisha watu.

Mji wangu una sehemu yake. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itashiriki uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa na nia ya kususa, Nyerere akawageuza, na aliyeshindwa kuuvumilia uamuzi huo, Zuberi Mtemvu, akaondoka na kuanzisha chama chake. Tunasimulia kisa hiki kama cha ubusara wa kisiasa, na ni kweli. Mimi nakwama kwenye masharti ya kuandikishwa: elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotajwa. Kwa maneno mengine, ukiondoa wenye mali, waliohesabika kuwa umma walikuwa wale waliofanana na watumishi wa serikali. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hakuwemo. Bibi yangu hakuwemo. Chama kilikubali kuingia kupitia mlango huo ili kuuvunja, na kiliuvunja kweli, lakini nimeona mlango ule umejengwa upya mara nyingi katika fomu ndogondogo zinazomtaka mtu awe na hiki na kile kabla hajasikilizwa.

Ukitaka kujua serikali ilivyo ndani, usimwulize profesa. Muulize mhazili. Mama yangu mdogo alisoma Chuo cha Uhazili hapa Tabora, kile ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Kwa miaka mingi msichana wa Tabora aliyetaka kazi ya ofisi alikuwa na ndoto hiyo: mashine ya chapa, hati mkato, kasi ya maneno kwa dakika. Alinifundisha katika jioni mbili mambo ambayo mihula sita haikunifundisha. Kwamba barua isiyo na kumbukumbu namba haipo. Kwamba masijala ndiyo moyo wa ofisi, na mkuu anayegombana na mtu wa masijala atakosa kila jalada analolihitaji. Kwamba dokezo huandikwa ukijua kuna siku litasomwa na mkaguzi ambaye hajazaliwa bado katika utumishi. "Usiandike hasira kwenye jalada, mwanangu," alisema. "Hasira inaisha, jalada linabaki."

Yeye ndiye aliyenieleza herufi u.f.s., zile ambazo watumishi wote huziandika juu ya barua zinazopitia kwa wakubwa wao na karibu wote hawajui zilikotoka. Ni mabaki ya Kiingereza cha kikoloni. Maana yake barua inapita kwa mkubwa wako ikiwa haijafungwa, aisome kwanza kabla haijafika inakokwenda. Nusu karne na zaidi ya uhuru, tumebadilisha wimbo, bendera, majina ya mitaa, tumetoka "Bwana" kwenda "Ndugu" na kurudi "Mheshimiwa", na bado barua ya mwalimu wa kijijini inasafiri wazi.

Vyuo vyetu vya utawala navyo vina kisa. Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikifundisha machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na madiwani. Miaka kumi baadaye machifu wakafutwa. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na Taasisi ya Utawala wa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa IDM, chuo cha uongozi wa maendeleo. Mwaka 1972 ndio pia mwaka wa Madaraka Mikoani, mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ambao chini yake halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake kuwekwa mikononi mwa wakurugenzi wa maendeleo waliotumwa kutoka serikali kuu. Tuliita kupeleka madaraka kwa wananchi. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Fikiria mwalimu aliyedumu pale muda wote huo: amewafundisha machifu, kisha watu waliowaondoa machifu, kisha madiwani, kisha watu waliowaondoa madiwani, kisha madiwani tena. Elimu ya utawala ina ahadi ya kudumu, na serikali inayoitumikia hubadilishwa kwa waraka wa Ijumaa jioni.

Mirambo alilijua hili kwa upande mwingine. Alijenga dola kwa miaka isiyozidi 25, akawakutanisha ruga-ruga, wakulima na wafanyabiashara chini yake, Stanley akamlinganisha na Napoleon. Akafa mwaka 1884 na dola ikasambaratika mikononi mwa warithi. Weber angesema haiba haikugeuzwa kuwa ofisi. Nilijibu swali la mtihani hivyo hivyo, kwa mfano wa Mirambo, na nilipata alama nzuri, nikajua basi kwamba mlango wa kuwaingiza watemi darasani haukuwa umefungwa. Hakuna tu aliyekuwa ameusukuma.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayesomea fani hii anapaswa kukaa nacho. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Waafrika walishika takribani robo tu ya nafasi za kati na za juu serikalini. Kila mhitimu alikuwa lulu. Chuo Kikuu kilianza mwaka huo huo na kitivo kimoja cha sheria, katika jengo la TANU pale Lumumba. Miaka mitano baadaye serikali ikatangaza kwamba wahitimu watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mshahara kwa muda. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Bango moja lilisema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere alikasirika, akawafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo kijana wa Urambo, Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliwaona wale wanafunzi kama walafi. Sasa sina uhakika huo. Walikuwa wameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba wao ni wachache na wa thamani, kisha wakaambiwa thamani hiyo ni deni. Nyerere alikuwa sahihi kwamba mkulima aliyewalipia hakuulizwa. Lakini wao walikuwa na kitu cha kunyimwa. Kazi yao ilikuwa inawasubiri. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhitimu alipangiwa kazi na serikali. Kisha yakaja marekebisho ya uchumi, watumishi wakapunguzwa, na mpango huo ukaisha. Kizazi changu kinabishana juu ya mshahara ambao hakijauona.

Sisi wa utawala wa umma tuna utani wetu: tumesomea kuiendesha nyumba ambayo hatuna ufunguo wake. Wenzangu wa darasani wanauza mitungi ya gesi, wanafundisha shule za binafsi, mmoja ana pikipiki mbili na amewaajiri vijana wawili, na anasema anatumia orodha ya Gulick kila siku, hasa bajeti. Mimi hapa Cheyo nimekuwa mwandishi wa barua. Majirani huleta mambo yao: mjane anayefuatilia mafao ya mumewe, mzee ambaye kiwanja chake kimepimwa mara mbili, kijana anayeombwa barua ya utambulisho kabla ya kupewa kitambulisho, na kitambulisho kabla ya kupewa barua. Naandika kumbukumbu namba. Naandika "Yah:" na kuipigia mstari. Nawaeleza nani ana mamlaka ya kuamua nini na wadai risiti ya nini, na nakala wabaki nayo wao. Mjane yule alikwenda na nakala zake tano akarudi akicheka. Dirishani walimwuliza amesaidiwa na wakili gani.

Ile shahada ilinipa hilo, na sitaki kulidharau. Najua jalada linavyotembea. Najua hatua tatu za rufaa na siku za kusubiri. Watu wa mtaani kwangu wamekuwa wakikatwa hongo kwa sababu moja kubwa, kwamba hawajui njia inapopita, na asiyejua njia hulipa kila kisima.

Wiki ijayo nina usaili wa kuandika, Dodoma, kwa nafasi ya Afisa Tawala daraja la pili. Nimepiga pasi shati, nimekusanya vyeti halisi na cheti cha kuzaliwa. Tangazo lina masharti mengi, na moja wapo ni kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Nilimsomea babu sharti hilo kwa sauti. Akauliza posho iko wapi. Mama mdogo amenipa nauli ya kwenda, ya kurudi tunaendelea kujadiliana.